Koti la kilo tatu kwa Aprili ya Ulaya: kisa cha mama mdogo

Mama yangu mdogo ni mwalimu mstaafu wa historia, mwenyeji wa Tanga. Baibui na ushungi ndiyo mavazi yake ya kila siku, na baridi kali aliyowahi kuijua ni ya Lushoto, alikofundisha ujanani. Bintiye anafanya kazi Amsterdam. Alimwalika mama yake katikati ya Aprili kwa siku kumi na mbili: Amsterdam kwanza, kisha Paris kwa treni, kisha Roma kwa ndege kwa kuwa mama alishaapa hatakufa bila kuiona Colosseum, halafu Amsterdam tena na safari ya kurudi. Viza ilipotoka, ukoo mzima ulikuwa na neno moja tu la kumwambia: baridi. Mimi niliwahi kusoma Uholanzi, basi nikaitwa nije kusaidia kufunga begi.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimekiona kikijirudia kwa wasafiri wengi wa kwetu, hasa wa pwani. Mtu akisikia Ulaya anawaza theluji, ananunua au kuazima nguo moja nzito kuliko zote, anaona amemaliza. Aprili ya huko haina theluji ya kumtisha mtu. Kinachosumbua ni hali ya hewa isiyotulia, upepo, na mvua ndogondogo ya mara kwa mara. Ukifungasha kwa ajili ya baridi peke yake utateseka ukiwa na begi zito.

Kilichokuwa kitandani

Juu ya kitanda palikuwa na koti jeusi la kuazima, refu hadi kwenye vifundo vya miguu, limejazwa manyoya. Tulilitundika kwenye mizani ya mabegi: kilo 2.9. Pembeni yake sweta tatu nene, zote za kuvalia kichwani. Suruali mbili za jinzi za kuvaa chini ya baibui. Buti mpya kutoka Kariakoo, bado zina karatasi ndani. Shungi sita za shifoni. Mwamvuli. Na sakafuni, limejaa hadi zipu inalia, shangazi kaja la zawadi ambalo hakuna aliyekuwa amelipima.

Tiketi yake iliruhusu begi moja la kilo 23. Zawadi peke yake zilikuwa kilo 13.

Hesabu ya joto

Kwa wastani, mchana wa Amsterdam katikati ya Aprili hufika nyuzi 12 au 13, na alfajiri hushuka hadi 4 au 5. Paris ni kama 16 mchana na 7 usiku. Roma hufika 18 au 19 mchana, na usiku hurudi kwenye 8. Sasa linganisha: usiku wa Julai Dar es Salaam huwa kwenye 18 au 19 hivi. Mchana wa Roma, basi, ni usiku wa kipupwe wa Dar. Hakuna mtu wa Dar anayevaa koti la manyoya Julai.

Mama mdogo alilipenda zaidi kipimo cha Lushoto. Nilimwuliza asubuhi za Juni kule milimani alikuwa akivaa nini kwenda darasani. Akajibu bila kufikiri: sweta juu ya gauni, na soksi. Nikamwambia Amsterdam ya mchana ni Lushoto hiyohiyo, ila Lushoto ikiwa na upepo wa bahari.

Huo upepo ndio unaosahaulika. Mwili hujizungushia hewa ya uvuguvugu karibu na ngozi, na nguo kazi yake ni kuituliza hewa hiyo isiondoke. Upepo unaopenya kwenye sweta huikokota yote. Kwa hesabu ya wataalamu wa hali ya hewa, nyuzi 8 zenye upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili huzisikia kama 4. Sweta tatu zilizofumwa, zivaliwe zote kwa pamoja, hazizuii upepo kama kitambaa chembamba kilichosukwa kwa kubana.

Tena wastani unaficha mambo. Waholanzi wenyewe husema Aprili hufanya inavyotaka. Jua la mwezi huo lina nguvu tayari, lakini Bahari ya Kaskazini bado ni baridi, na upepo ukigeuka tu kutoka kusini kwenda kaskazini kila kitu kinageuka nao. Unaweza kupata Jumatatu ya nyuzi 19, watu wamekaa vibarazani na fulana, na Jumatano ya mvua ya mawe. Halafu siku ni ndefu: katikati ya Aprili jua la Amsterdam na Paris huzama karibu saa mbili na nusu usiku, la Roma kabla kidogo ya saa mbili. Watu hutoka asubuhi na kurudi usiku bila kupitia nyumbani. Utakachovaa saa sita mchana ndicho utakachokuwa nacho mkononi saa mbili usiku.

Kwa hiyo lile koti la manyoya lilikuwa na makosa matatu. Lingemtosha kwenye baridi ambayo hakuwa akiiendea. Lingemtoa jasho kwenye treni, makumbusho na maduka, ambako joto la ndani huwa nyuzi 20 hivi, na akitoka nje na jasho lake ndipo angeona baridi kwelikweli. Na likilowa, manyoya hugandamana na kupoteza joto, na Aprili ya Uholanzi lazima ulowe. Nilisema lirudi kwa mwenyewe. Mjomba mmoja alinuna, maana yeye ndiye aliyeliazima.

Sweta na ushungi

Ushauri wa kuvaa nguo kwa tabaka upo kila mahali: nyepesi ndani, ya joto katikati, ya kuzuia upepo na maji juu. Ni ushauri mzuri, lakini umeandikwa na watu wasiovaa ushungi.

Nilimwomba mama mdogo avae kama atakavyovaa siku yenyewe: baibui, kofia ya ndani, ushungi umebanwa kwa pini mbili, moja chini ya kidevu na nyingine begani. Juu yake akavaa sweta moja kati ya zile tatu. Kisha nikamwambia, haya, umeingia kwenye treni, kuna joto, livue. Akashika pindo, akalipandisha hadi kifuani, akasimama hapo. Kuendelea kulimaanisha kuvuta ushungi, pini na kofia ya ndani mbele ya behewa zima. "Hapo bora nife na joto langu," akasema, na sote tukacheka.

Sweta zote tatu zikarudi kabatini. Kwa mtu wa ushungi nguo ya katikati lazima ifunguke mbele, ya vifungo au zipu, bila mjadala. Alikuwa nayo moja, ya sufu, ya tangu enzi za Lushoto, imechakaa kwenye kiwiko. Hiyo ndiyo ilikwenda. Sufu ina faida nyingine: hubaki na joto hata ikiwa na unyevu, na haishiki harufu upesi, kwa hiyo sweta moja hutosha safari nzima.

Kukawa na swali la sweta livaliwe chini ya baibui au juu. Chini linapendeza zaidi. Lakini likiwa chini huwezi kulivua hadharani, na tunarudi palepale. Likavaliwa juu. Chini ya baibui tukaweka vitu visivyohitaji kuvuliwa mchana: fulana nyembamba ya mikono mirefu na taiti ya kubana. Hapa pamba haifai. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na jinzi ni mbaya zaidi, kwani ikilowa hukaa na maji siku nzima, na usiku ukiifua hotelini kesho yake unaivaa mbichi. Jinzi mbili zilikuwa zaidi ya kilo moja. Taiti mbili hazifiki nusu kilo na hukauka usiku mmoja juu ya bomba la taulo.

Kuhusu baibui lenyewe, watu humwonea huruma mwanamke wa baibui katika safari kama hii, wakidhani litamsumbua. Ni kinyume. Lina nafasi ndani, linaficha taiti na fulana zisizolingana rangi, na kwa weusi wake nguo tatu huonekana kama mavazi mapya kila siku. Tulichofanya ni kupandisha pindo kwa vidole viwili ili lisifagie maji ya barabarani, na kuchagua ya kitambaa kisichokunjamana. Yalikwenda matatu. Shungi za shifoni tukaziacha zote isipokuwa moja ya picha; zikabadilishwa na za kitambaa chenye kuvutika, kwa sababu shifoni na upepo wa mifereji ya Amsterdam haviivi chungu kimoja.

Karume

Kilichobaki kilikuwa koti la nje: jepesi, la kuzuia maji na upepo, lenye kofia, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta na baibui. Madukani ni ghali na hayapatikani kirahisi. Mitumba yapo tele, maana Dar hakuna anayeyagombea. Wachuuzi wengi huyatenga kwa wateja wa Arusha, Njombe na Mbeya. Tulikwenda Karume, Ilala.

Kuna namna ya kuchagua koti la mvua la mtumba, na inafaa kuieleza kwa sababu mengi yanayoning'inia pale ni mazima kwa nje na mafu kwa ndani. Kwanza ligeuze nje-ndani. Utaona utepe mwembamba umebandikwa juu ya mishono. Ukiwa umeanza kubanduka, maji yatapita hapohapo. Pili, kwangua kitambaa cha ndani kwa ukucha. Koti lililozeeka hutoa unga mweupe au vipande kama ngozi ya kitunguu, au linanata kama limepakwa asali. Hilo limekwisha, achana nalo hata liwe na nembo gani. Tatu, bana kitambaa kwenye midomo na upulize: pumzi ikipita, upepo nao utapita. Mwisho, dondosha maji kidogo. Yakisimama kama shanga, vizuri. Yakitawanyika na kuzama kwenye kitambaa cha juu, bado si mwisho wa dunia, dawa ya kurudishia hali hiyo ipo. La muhimu ni kwamba upande wa ndani ubaki mkavu.

Mchuuzi alituangalia tukipuliza makoti yake kwa uvumilivu mkubwa. Tulipata la kijani kibichi, gramu 480, kwa shilingi 25,000. Mama mdogo alilalamikia rangi. Nikamwambia mwanaye atamwona kwa urahisi kwenye umati. Mwamvuli ukabaki nyumbani: kule mvua huja na upepo wa ubavuni, na mapipa ya taka ya Amsterdam siku za dhoruba hujaa miamvuli iliyovunjika mbavu.

Miguu

Buti mpya zilikataliwa asubuhi ileile. Kiatu kipya usikijaribie ugenini. Siku moja ya mji wa Ulaya ni mwendo wa saa nyingi, na barabara za katikati ya Roma zimetandikwa vipande vidogo vya mawe meusi, nundunundu, vinavyotafuta kila udhaifu wa soli. Alichukua raba zake nyeusi alizokuwa akitembelea kila asubuhi, zenye soli nene.

Lakini palikuwa na jambo ambalo orodha nyingi za nguo za safari hazina. Mama mdogo anaswali vipindi vyote. Kutawadha mara kadhaa kwa siku, mjini, kwenye nyuzi 9, maana yake ni kufungua kamba, kuvua soksi, kuosha miguu kwenye sinki la watu, na kurudisha soksi juu ya mguu wenye unyevu. Baridi ya vidole huanzia hapo. Suluhisho lipo ndani ya fiqhi yenyewe: soksi za ngozi, zikivaliwa ukiwa na udhu, msafiri anaruhusiwa kuzipangusa kwa juu badala ya kuosha miguu kwa siku tatu na usiku zake. Alikuwa anazijua kitabuni tu, hajawahi kuzihitaji Tanga. Tulizipata kwenye duka la vitabu vya dini. Raba zikabadilishwa kamba, zikawekwa za mpira unaovutika ili zivulike kwa mkono mmoja. Kwa maoni yangu, katika maandalizi yote haya ndiyo yaliyomsaidia zaidi, na ndiyo yaliyochukua nafasi ndogo kuliko yote.

Shangazi kaja

Tulipoanza zawadi, mahesabu ya nguo yalikuwa yamekaa vizuri: nguo zote, pamoja na viatu vya ziada na doti moja ya kanga, zilikuwa kilo 7. Ndipo tulipofungua zipu ya lile begi. Viungo vya pilau, unga wa muhogo, doti nne za kanga za rafiki wa binti, chupa ya samli kutoka kwa mama mkwe, embe za dodo kumi na mbili, nazi, na bahasha za watu wasiojulikana.

Samli na embe zilitolewa. Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kuingiza nyama wala mazao ya maziwa kutoka nchi kama yetu, na samli ni maziwa. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Embe haimo. Nazi zikabaki, kwa furaha ya wote. Kumwambia mama mkwe kuhusu samli yake ilikuwa kazi ya mtu mwingine.

Nasisitiza hapa kwa sababu begi la Mswahili huharibiwa na mizigo ya watu kuliko nguo za mwenyewe. Zawadi zikitangulia, nguo hupunguzwa bila mpango: sweta linatoka ili unga uingie. Pima nguo kwanza, funga, andika uzito, kisha waambie ndugu kilo zilizobaki. Wagawane wenyewe.

Ilivyokwenda

Begi kubwa lilibaki Amsterdam kwa binti. Paris na Roma alikwenda na begi dogo la mgongoni, la kuingia chini ya kiti, kwa kuwa ndege za bei nafuu kati ya miji ya Ulaya hutoza begi kubwa kwa bei inayokaribia tiketi. Siku ya kupanda ndege alivaa vizito vyote mwilini.

Amsterdam ilimpokea kwa manyunyu na upepo siku mbili, kisha jua. Koti la kijani lilifanya kazi yake. Tatizo lilitokea mahali ambapo hakuna aliyefikiri: kofia ya koti. Ikishavutwa juu ya ushungi humziba mtu macho ya pembeni, na baiskeli za Amsterdam hazina sauti. Mara mbili binti alimvuta mkono kutoka kwenye njia nyekundu ya baiskeli. Baada ya hapo kofia ikawa ya mvua kubwa tu.

Mafuta ya nazi nayo yalimgomea. Aliyachukua kwenye chupa ya mdomo mwembamba, kwa ajili ya ngozi, kama afanyavyo nyumbani. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na chumba cha binti kilikuwa 19. Asubuhi ya kwanza chupa ilikuwa jiwe jeupe. Ilibidi aipashe kwa maji ya moto kila siku huku ngozi ya mikono ikimpasuka kwa ukavu wa hewa. Kikopo chenye mdomo mpana, au mafuta ya mgando ya kawaida, vingemwondolea adha hiyo. Glavu alizikataa Dar kwa kusema si mgonjwa. Za sufu nyembamba alinunuliwa siku ya pili, kwenye duka la kwanza waliloliona.

Paris jua liliwaka na siku moja ikafika 21. Sweta likavuliwa ndani ya metro, vifungo vitano, bila pini kuguswa. Alinipigia simu usiku kunieleza hilo tu.

Roma mchana alitembea na baibui na fulana ya ndani, koti limekunjwa begini. Asubuhi na usiku alilitoa. Watu husahau pia kwamba makanisa makubwa ya mawe hubaki na ubaridi wa miezi iliyopita hata nje kukiwa na joto. Kwenye Basilika la Mtakatifu Petro mlangoni hukagua mabega na magoti, wanawake kwa wanaume. Yeye alipita bila kutazamwa mara mbili, bintiye ndiye aliyekuwa na gauni la mikono mifupi mno. Doti ya kanga ikakatwa palepale kwa meno na kipande kimoja kikamfunika.

Hakurudi na nguo ambayo hakuivaa, isipokuwa ule ushungi wa shifoni.

Kama tarehe ingekuwa nyingine

Mpango huu ni wa katikati ya Aprili na kwa miji hiyo mitatu. Mwanzoni mwa Machi ningeongeza sweta la pili jembamba la kufunguka mbele na kofia ya sufu, na koti la nje ningelitafuta la bitana. Mwishoni mwa Mei ningetoa taiti moja na glavu, ila koti la mvua lisingeondoka, kwa sababu Uholanzi haina mwezi usio na mvua. Kama binti angekuwa Stockholm au Helsinki, mjomba angeshinda nusu ya hoja: Aprili ya kule usiku hushuka hadi sifuri, na koti la manyoya lingekwenda, fupi, la chini ya kilo moja, la kuvaliwa ndani ya lile la kijani.